Nataka kuwa mpelelezi: je, nisome shahada ya haki jinai?

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi chuoni kusoma shahada ya kwanza ya haki jinai. Tangu utotoni nataka kuwa mpelelezi wa kesi za mauaji. Baba mdogo, ambaye ni askari mstaafu, anasema shahada hiyo ni kupoteza muda kwa sababu polisi watanifundisha wenyewe. Mama anataka nisome sheria. Rafiki yangu anasema hakuna tofauti, kwamba nikimaliza haki jinai naweza kuwa wakili nikitaka. Mimi nimeipendea kwa kuwa haina hesabu, maana hesabu zilinishinda. Na kuna jambo sijamwambia mtu: kaka yangu mkubwa alifungwa miaka mitatu kwa kosa la wizi. Sijui kama hilo litanifungia mlango, wala sijui kama ndilo linalonisukuma huko. Nina wiki mbili za kuthibitisha nafasi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali kadhaa, na la kaka yako ndilo zito kuliko yote. Sitalikwepa, ila nitalifikia mbele kidogo, kwa sababu ni rahisi kulijibu ukishajua hasa unakwenda kusoma nini. Wengi wanaojiunga na fani hii hawajui, na hugundua wakiwa wameshalipa ada na muhula umekatika.

Nianze na ndoto yako. Shahada ya haki jinai haitakufundisha kazi ya upelelezi. Hutafundishwa kumhoji mtuhumiwa, kutumia silaha, kuchukua alama za vidole wala kuandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa aliyekwisha kuonywa juu ya haki zake. Hayo hufundishwa kwenye chuo cha polisi ukishaajiriwa, na katika nchi nyingi hata hapo upelelezi hauji mapema. Unaanza kama askari wa kawaida, unashika doria na zamu za kituoni, na baada ya muda ndipo unaomba au unachaguliwa kwenda kitengo cha upelelezi. Zipo nchi zenye njia ya mkato: Uingereza, kwa mfano, baadhi ya majeshi ya polisi huchukua wahitimu wa vyuo moja kwa moja na kuwafunza upelelezi. FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, nayo kwa miaka mingi imedai shahada ya kwanza kwa maafisa wake wa upelelezi, bila kusema iwe ya fani gani. Inachosema kwa ukali ni umri: uwe umefika miaka 23 na hujafika 37 siku unapoajiriwa.

Hilo la umri nimelitaja makusudi. Majeshi mengi ya polisi yana ukomo wa umri wa kuajiriwa, mengine ukomo huo uko chini sana, na mengine yana masharti ya afya, macho au kimo. Huwa nasikitika kukutana na mhitimu mwenye alama nzuri anayegundua kwamba miaka aliyokaa darasani ndiyo iliyompitisha umri. Kwa hiyo jibu la kwanza unalolihitaji halitoki kwangu wala chuoni. Liko kwenye ofisi ya ajira ya jeshi la polisi la nchi yako: mwisho wa umri ni upi kwa asiye na shahada na kwa mwenye shahada, mwenye shahada anaanza na cheo gani, na wapelelezi wanapatikanaje. Nenda mwenyewe, usitume mtu.

Sasa, kama chuo hakifundishi upelelezi, kinafundisha nini? Kinafundisha mfumo mzima wa haki jinai unavyofanya kazi: kwa nini tendo moja linaitwa kosa na lingine haliitwi, nani huripoti na nani hunyamaza, polisi wanaamuaje wamkamate huyu na wamwache yule, mahakama inapimaje ushahidi, gereza linamfanya mtu nini, na muhimu kuliko yote, tunayajuaje hayo. Utakutana na Cesare Beccaria, Mwitaliano aliyeandika mwaka 1764 kwamba uhakika wa kuadhibiwa humzuia mhalifu kuliko ukali wa adhabu. Tafiti nyingi za siku hizi bado zinaelekea upande wake. Utakutana na Herbert Packer, mwanasheria wa Marekani, ambaye mwaka 1964 alieleza mivutano miwili isiyokwisha ndani ya mfumo huu: haja ya kuwadhibiti wahalifu haraka, na haja ya kumlinda raia asionewe na dola. Hayo yanaonekana ya vitabuni tu mpaka uyaone ndani ya jalada moja.

Chukua kesi ndogo kabisa. Jioni, kituo cha basi, kijana anamwonyesha msichana kisu na kuondoka na simu yake. Uamuzi wa kwanza ni wa msichana mwenyewe: aende polisi au aachane nayo? Marekani imekuwa ikifanya uchunguzi wa kaya kila mwaka tangu 1973, ikiwauliza watu moja kwa moja kama wametendewa uhalifu, na kila mara inakuta kwamba sehemu kubwa ya matukio haikufika polisi kabisa. Tuseme huyu ameenda. Uamuzi wa pili ni wa askari wa zamu, anayeandika "wizi" au "unyang'anyi wa kutumia silaha". Maneno hayo machache ndiyo yatakayoamua kama kuna dhamana na kifungo kitakuwa cha miaka mingapi.

Kijana anakamatwa saa tisa alasiri kesho yake akiwa na kisu. Kisu kinatiwa kwenye mfuko, mfuko unaandikwa, askari anatia saini. Lakini daftari la stoo ya vielelezo linaonyesha kisu kimepokelewa saa nne usiku. Kwa saa saba hizo kilikuwa wapi, mikononi mwa nani? Labda kilikaa tu kwenye gari, na hakuna aliyekigusa. Mahakamani "labda" haitoshi, na wakili wa utetezi atalishikilia pengo hilo mpaka mwisho. Baadaye msichana anaitwa kwenye gwaride la utambuzi, ambako watu kadhaa hupangwa mbele yake amtambue mhusika. Kama afisa anayeliendesha anamjua mtuhumiwa, anaweza kumwelekeza shahidi kwa jicho au kwa sauti bila hata kukusudia. Ndiyo maana watafiti wanashauri gwaride liendeshwe na afisa asiyemjua mtuhumiwa, na shahidi aambiwe mapema kwamba mhusika huenda hayumo kabisa. Kisha jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, ambaye anaweza kulifunga, kulirudisha likakamilishwe, au kulipeleka mbele. Hakimu anatoa masharti ya dhamana. Kijana hana mdhamini, anakaa mahabusu, na baada ya miezi anaanza kufikiri kwamba kukiri kosa ni njia ya haraka ya kwenda nyumbani, awe alitenda au hakutenda. Halafu hukumu, halafu gereza, halafu siku anayotoka na kurudi mtaa uleule.

Kila mtu kwenye mlolongo huo anaona kipande chake. Askari wa stoo hamjui hakimu, mkuu wa gereza hakuwepo kwenye gwaride. Mwanafunzi wa haki jinai ndiye anayedaiwa kuuona wote kwa pamoja, na kueleza jinsi uzembe wa saa saba kabla ya stoo unavyogeuka kuwa mhalifu aliyeachiwa, au asiye na hatia aliyefungwa. Mpelelezi aliyeelewa hilo kabla hajavaa sare anafanya kazi tofauti. Anajua jalada lake linakwenda wapi likishatoka mezani kwake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baba yako mdogo, ingawa sitaki umbishie kwa dharau, maana ana hoja. Elimu ya chuo kikuu kwa polisi si jambo geni: August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley huko California, alianza kuipigania zaidi ya karne moja iliyopita, na mwaka 1916 alianzisha masomo ya polisi pale Chuo Kikuu cha California. Lakini fani ilipopanuka haraka ndipo iliharibika. Baada ya sheria ya mwaka 1968, serikali ya Marekani ilitoa fedha nyingi za kuwasomesha askari, na vyuo vikafungua programu mbio mbio. Nyingi zilikuwa mafunzo ya polisi yaliyovalishwa joho: walimu ni maafisa wastaafu wanaosimulia kazi zao, utafiti hakuna. Tume ya kitaifa iliyochunguza jambo hilo ilizikosoa vikali mwaka 1978. Programu za namna hiyo bado zipo, na kama uliyopata ni ya aina hiyo, baba mdogo yuko sahihi kwa asilimia mia: yale ambayo polisi watakufundisha bure, na kwa ubora zaidi, utakuwa umeyalipia ada.

Programu nzuri inakupa kitu ambacho chuo cha polisi hakina muda nacho, nacho ni uwezo wa kuuliza kama yale tunayoyafanya kila siku yanafanya kazi. Mfano ninaoupenda darasani unatoka Kansas City, Marekani. Mwaka 1972 jeshi la polisi la mji huo lilikubali jambo ambalo wakuu wengi wa polisi wasingelithubutu. Lilichukua maeneo 15 ya doria na kuyagawa makundi matatu. Kundi la kwanza doria za kawaida ziliondolewa, gari likawa linaingia pale tu mtu anapopiga simu. La pili doria ziliendelea kama kawaida. La tatu ziliongezwa mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mzima, uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana katika makundi yote matatu, wala hofu ya wananchi. Kila mtu mwenye akili timamu angeapa kwamba gari la polisi likipitapita mtaani wezi watapungua. Walipopima, haikuwa hivyo.

Wapo waliotafsiri kwamba doria haina maana, na hapo nao walikosea. Mwaka 1989 watafiti waliochambua simu zilizopigwa polisi mjini Minneapolis walikuta kwamba takriban asilimia 3 tu ya anwani ndizo zilizozaa nusu ya simu zote. Uhalifu umejikusanya kwenye kona chache, na gari linalozunguka ovyo mji mzima linatumia muda wake mwingi mahali ambapo hakuna kinachotokea. Majaribio yaliyofuata ya kuwapeleka askari kwenye kona hizo yalionyesha kwamba uhalifu hupungua. Ukisoma fani hii vizuri, unajifunza kutoamini jibu la kwanza, hata likiwa lako.

Na sasa umeshaona tunakoelekea kuhusu hesabu. Nani alikwambia hazipo? Programu isiyo na takwimu ndiyo ninayokuonya usiingie. Si hesabu za kalkulasi, usiogope. Ni za asilimia, uwiano, wastani, uwezekano, na kujua namba inaposema ukweli na inapodanganya. Nikupe mfano wa kubuni, uufanye sasa hivi kwa kalamu. Gereza lina wafungwa 1,000 wanaokaribia kutoka. Tuseme 50 kati yao wakitoka watatenda ukatili tena. Chuo kimetengeneza fomu ya kupima hatari: inawabaini asilimia 80 ya watakaorudia, na kati ya wale wasiorudia inawasingizia asilimia 20 tu. Inaonekana fomu nzuri, sivyo? Asilimia 80 ya 50 ni watu 40. Asilimia 20 ya 950 ni watu 190. Jumla waliotiwa alama ya hatari ni 230, na kati yao ni 40 tu ndio hatari kweli. Yaani ukimshika yeyote mwenye alama hiyo, uwezekano wa kuwa kweli ni hatari ni chini ya mmoja kwa watano. Fomu za aina hii zinatumika kwenye maamuzi ya dhamana na ya parole (kumwachia mfungwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha) katika nchi mbalimbali, na afisa asiyejua kupiga hesabu hiyo atawaweka ndani watu 190 akiamini anafuata sayansi.

Kama umeifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, hesabu hazijakushinda. Kilichokushinda ni jinsi zilivyofundishwa, na hilo linarekebishika. Tumia likizo kurudia sehemu na asilimia, na ukifika chuoni tafuta kikundi cha kusoma takwimu kuanzia wiki ya kwanza, usisubiri mtihani ukukumbushe.

Rafiki yako amekosea, na kosa lake ni la gharama. Haki jinai si sheria. Katika nchi nyingi zinazofuata utaratibu wa Kiingereza, sheria ni shahada yake yenyewe, ikifuatwa na mafunzo ya uwakili na mitihani ya kuandikishwa. Shahada ya haki jinai haikufikishi hapo, hata kama ulisoma sheria ya makosa ya jinai na sheria ya ushahidi ndani yake. Marekani ni tofauti: huko sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vya sheria hupokea mwenye shahada ya fani yoyote. Nadhani ndiko uvumi huo ulikozaliwa. Mahali pengine wenye shahada nyingine hupewa programu fupi ya sheria, lakini bado ni miaka na ada juu ya ile ya kwanza. Kama kuna hata chembe ya hamu ya uwakili ndani yako, waulize wanaoandikisha mawakili katika nchi yako, na uombe jibu la maandishi.

Je, mama ana haki ya kutaka sheria? Kwa upande mmoja, ndiyo. Shahada ya sheria inafungua milango mingi zaidi, ukiwemo wa upelelezi, na ukibadili nia unabaki na taaluma inayosimama yenyewe. Lakini sheria itakufundisha kanuni inasemaje na hoja inajengwaje. Kwa kawaida haitakuuliza kama kanuni hiyo inapunguza uhalifu. Njia ya kujipima ni hii: tafuta hukumu moja kamili ya mahakama ya rufani, kesi ya mauaji ukipenda, uisome kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukijikuta unarudi nyuma kutafuta jaji alipotoa hoja ile, una moyo wa mwanasheria. Ukijikuta unajiuliza shahidi wa pili aliogopa nini na kwa nini polisi walichelewa, moyo wako uko upande wetu.

Njia nyingine zipo na sitazificha eti kwa sababu nafundisha hii. Kama kinachokuvutia ni damu ukutani na maabara, basi unachokitaka ni sayansi ya uchunguzi wa jinai, na mlango wake ni kemia na biolojia. Haki jinai haitakuingiza maabara. Na hata huko, uende ukijua kwamba ripoti kubwa ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2009 ilikuta kuwa, ukiacha uchunguzi wa vinasaba (DNA), mbinu nyingi za kulinganisha vielelezo zilikuwa hazijathibitishwa kisayansi kwa kiwango kilichokuwa kikidaiwa mahakamani. Uhasibu na kompyuta ni njia ambazo vijana wenye ndoto yako huzidharau, ilhali vitengo vya makosa ya fedha na ya mtandaoni vinawatafuta watu hao sana. Saikolojia nayo inamfaa mpelelezi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno kali, kwamba magari "yalipovunjana", walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa neno jepesi, "yalipogusana", walikadiria karibu 32. Filamu ni zilezile. Kwa mtu atakayekaa mbele ya shahidi wa mauaji, hilo ni somo la kukaa nalo maisha yote.

Basi msimamo wangu ni upi? Kwa mtu anayetaka upelelezi wa mauaji, na asiyependa maabara, haki jinai ni chaguo zuri ikiwa programu ina mbinu za utafiti, takwimu, sheria ya ushahidi, saikolojia au sosholojia ya uhalifu, mafunzo kwa vitendo kwenye taasisi halisi, na tasnifu mwishoni. Ikikosa mbinu za utafiti na takwimu, ningechagua sosholojia au saikolojia katika chuo kizuri, kisha niende polisi nikiwa nayo. Na ikiwa jeshi la polisi la nchi yako halimpi mwenye shahada faida yoyote na ukomo wa umri ni mfupi, ningejiunga na jeshi kwanza, halafu nisome nikiwa kazini. Usijione umeshindwa ukichagua hivyo. Wanafunzi wangu walio kazini ndio wanaouliza maswali magumu kuliko wote.

Ukumbuke pia kwamba wengi wanaomaliza fani hii hawaishii polisi, na wengi hawataki tena. Wanakwenda magereza, probesheni (usimamizi wa wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza), ustawi wa watoto waliokinzana na sheria, msaada kwa waathirika, utafiti, usalama wa benki na kampuni, mashirika ya haki za binadamu. Uingie ukijua kwamba ndoto yako inaweza kubadilika ukiwa ndani, wala huo hautakuwa usaliti.

Sasa kaka yako.

Majeshi ya polisi huwachunguza waombaji, na fomu nyingi huuliza habari za ndugu wa karibu. Kinachopimwa kwanza ni wewe: rekodi yako, mwenendo wako, na kama unasema kweli. Kifungo cha ndugu kinaweza kuulizwa, kinaweza kukufanya uhojiwe zaidi, na masharti hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo liweke hili kwenye orodha ya maswali ya ofisi ya ajira. Unaweza kuliuliza kwa ujumla bila kutaja jina. Ila fomu ikikuuliza, jibu ukweli. Kuficha ni kosa lako mwenyewe, tofauti kabisa na la kaka, na likigundulika hata baada ya miaka kumi kazini linaweza kukuondoa. Kuhusu chuo, sijawahi kuona programu inayomkataa mwanafunzi kwa kosa la ndugu yake.

Unauliza kama ndilo linalokusukuma. Inawezekana, na sioni ubaya. John Irwin alifungwa miaka mitano California kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akatoka, akasoma, akawa profesa wa sosholojia San Francisco na mmoja wa waandishi wanaoheshimiwa sana juu ya maisha ya gerezani. Aliona vitu ambavyo sisi wengine tulivisoma tu. Aliye na mfungwa nyumbani naye anaona: safari za kumtembelea, majirani wanaonyamaza ukipita, mama anayezeeka ghafla. Hatari iko mahali pengine. Darasani huwa napata wanafunzi waliokuja kumwadhibu mtu na wengine waliokuja kumsafisha mtu, na wote wawili hupata shida pale ushahidi unapokwenda kinyume na walichokuja nacho. Jiulize kwa utulivu: nikisoma utafiti unaoonyesha kwamba hukumu kama ya kaka ilikuwa ya haki, nitaweza kuusoma hadi mwisho? Na ukionyesha kwamba haikuwa ya haki, nitaweza kuupima kwa ukali uleule?

Jambo moja zaidi kuhusu yeye. Habari ya kifungo ni yake kabla ya kuwa yako. Mada za magereza zitakapofika, utavutwa kuisimulia mbele ya darasa. Muombe ruhusa kwanza. Na kama mazungumzo hayo hayajawahi kufanyika kati yenu, huenda huu ndio wakati wake. Ukiona masomo yanakukosesha usingizi, unakwepa vipindi fulani, au hasira inakushika bila sababu, mwone mshauri nasaha wa chuo ana kwa ana. Hakikisha kabisa, unapokagua chuo, kwamba mshauri huyo yupo.

Wiki mbili zinatosha ukizitumia. Nenda mahakamani siku moja, ukae nyuma ya chumba cha wazi tangu asubuhi. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Utaona mashauri yakiahirishwa moja baada ya jingine kwa sababu shahidi hakuja au jalada halijakamilika, na utajua kama unaweza kuipenda kazi hiyo ikiwa haina mbwembwe. Mwombe baba mdogo akukutanishe na mpelelezi aliye kazini, umuulize ni jalada gani lake lililowahi kurudishwa na mwendesha mashtaka, na kwa nini. Nenda ofisi ya ajira ya polisi na maswali ya umri, cheo na ndugu. Kisha omba chuoni orodha ya masomo ya miaka yote, majina ya walimu na walichotafiti, na mahali wahitimu wa miaka ya karibuni walipo sasa. Ofisi ya udahili ikikuambia haina taarifa za wahitimu wake, hilo nalo ni jibu.

Na kama majibu ya polisi yatachelewa, uliza chuo kama kinaruhusu kuahirisha nafasi kwa mwaka mmoja. Ombi hilo liandike mapema na ulipeleke kabla ya tarehe ya kuthibitisha, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.